Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Mombasa: kikohozi kisichosikia dawa

Mheshimiwa,

Assalaam aleikum. Ami yangu alivuka feri ya Likoni miezi sita, bahasha ya eksirei kwapani, akifuata vidonge vya kifua kikuu. Makohozi yalipimwa mara mbili, kisionekane kitu. Akapewa dawa vivyo hivyo. Mkojo ukageuka rangi ya chungwa, kikohozi kikabaki palepale. Mwezi wa saba ndipo akapigwa skani ya CT: uvimbe pafu la kulia, umeshafika kwenye ini. Daktari wa upasuaji aliitazama picha, akairudisha kwenye bahasha.

Kituo sikitaji, maana si kimoja. Nakuandikia kwa kuwa saratani ya mapafu, ikiwahiwa, siku hizi ina njia. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa CheckMate 816, wagonjwa 358 ambao uvimbe wao ulikuwa bado wa kukatika. Kundi moja lilipewa kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, kabla ya upasuaji. La pili kemo pamoja na nivolumabu (jina gumu, nisamehe), dozi tatu, kila baada ya wiki tatu. Dawa hii haiui saratani yenyewe. Huivua ushungi iliojifunika, askari wa mwili, yaani chembe za kinga, wakaiona. Ndiyo maana hutangulia kisu: uvimbe ungali pale, askari wanapata kuujifunza. Nyama iliyokatwa ilipopimwa, wagonjwa 24 katika 100 wa kundi la pili hawakuwa na chembe hai ya saratani. Kwa kemo tupu, 2. Miaka mitano baadaye walio hai ni kama 65 katika kila 100 wa kundi la pili, na 55 wa kemo tupu.

Utaniambia ni ghali. Ni ghali mno, na haimfai kila mgonjwa. Bei hiyo tutaidai Nairobi. Lakini hata ingegawiwa bure, ami angeipata lini?

Lililo mkononi mwako ni hili. Ambaye makohozi hayaonyeshi kifua kikuu, na miezi miwili ya vidonge haijamsaidia, apelekwe skani bila kungoja amalize dozi. Na daktari wa upasuaji akae na wa saratani kabla ya kupanga kisu. Sisi tulikuwa matarishi baina yao, huyu ghorofa hii, yule jengo lile.

Ni waraka wa ukurasa mmoja kwa zahanati zako. Naomba uanzie Likoni.

Wako,
Mkaazi wa Likoni