Tarehe moja ya mwisho ndiyo inayoua utafiti wa fasihi

Mhariri,

Walimu wa fasihi hulalamika kwamba mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari hupewa wiki 10 za utafiti akaumaliza kwa usiku mbili. Uvivu upo, lakini tarehe ya kukusanya ikiwa moja tu, wiki zote za kabla yake hazina kazi ya kuonyesha, na kazi isiyodaiwa haifanywi.

Ikatwe vipande, na kila kipande kikusanywe hata kwa alama 5. Wiki mbili za mwanzo ni za kusoma kitabu mara mbili, mara ya pili kalamu ikiwa mkononi. Wiki ya tatu mwanafunzi alete swali, na hapa mwalimu asiwe mpole. “Nafasi ya mwanamke katika riwaya” si swali, ni rafu nzima ya maktaba. “Kwa nini msimulizi hamtaji mama kwa jina hadi sura ya mwisho?” ni swali: jibu lake limo kitabuni, na wasomaji wawili wanaweza kubishana juu yake. Aliyeachiwa mada pana huishia kusimulia hadithi upya kwa kurasa 8.

Wiki ya nne hadi ya sita ni za vyanzo na kadi. Vyanzo 6 vinatosha, nusu yake viwe vya wahakiki, na kila kimoja mwanafunzi awe amekishika au amekifungua mwenyewe. Programu za akili mnemba hutunga vitabu visivyokuwapo. Kadi moja, wazo moja. Juu ni jina la mwandishi na ukurasa, katikati nukuu, nyuma sentensi moja ya kueleza nukuu hiyo inalijibuje swali. Upande wa nyuma ndio unaorukwa, nao ndio insha yenyewe. Alama za mtajo zikisahaulika kwenye kadi, baada ya wiki tatu maneno ya mhakiki huingia katika rasimu kama ya mwanafunzi. Wizi mwingi wa maandishi huanza hivyo, bila hila yoyote.

Toleo nalo liandikwe. Mfumo wa MLA wa kutaja vyanzo, unaotumika sana katika fasihi, hutaka jina na ukurasa. Mwanafunzi aliyesoma toleo moja nyumbani na jingine maktabani atakuwa na namba zisizopatana.

Wiki ya saba kadi zitandazwe mezani na kupangwa mafungu. Fungu lenye kadi moja ni aya itakayopwaya: litafutiwe kadi nyingine au liachwe. Wiki ya nane ni ya rasimu, na utangulizi uandikwe mwisho.

Rasimu hiyo mwalimu aizungumze na kila mwanafunzi peke yake. Kuna linalosemwa kwamba kwa darasa kubwa haiwezekani. Ni kweli, dakika 10 kwa kila mmoja wa wanafunzi 40 ni karibu saa 7. Basi ziwe dakika 4, mwanafunzi aje na kadi tatu na tatizo moja, na mwalimu azungumzie hoja tu. Tahajia ingoje wiki ya tisa.

Wiki ya kumi wabadilishane kazi. Kila mmoja achague nukuu 5 za mwenzake bila mpango na kuzitafuta kwenye ukurasa uliotajwa. Mbili zisipoonekana, kazi irudi kwa mwenyewe kabla mwalimu hajaigusa.

Mwalimu wa fasihi, sekondari