Tuvuke ziwa na piki zetu

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku Kampala, mama watoto anakusalimia, vijana pia, sisi wote wazima tunamshukuru Mungu. Pole na joto la Arua, nasikia mwaka huu limezidi.

Ile video uliyonitumia niliiangalia mara tatu usiku, wale watu na mapikipiki yao kwenye meli ya Alaska, wanatoka Bellingham wanakwenda mpaka Haines siku tatu kwa maji, wanapiga hema juu kwenye deki na kulibandika kwa tepu lisibebwe na upepo. Na ukaniuliza kama sisi tungeweza kitu kama hicho. Tunaweza bwana, tena mimi nimetoka kukifanya juzi juzi na jirani yangu, siku nne, tulivuka Ziwa Victoria mpaka visiwa vya Ssese, na sikukuambia mapema kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa nimetulia.

Lakini kwanza rudia ile video pale mwanzo, kabla hawajapanda juu. Umeona vile kila mtu anafunga piki yake mwenyewe, na mikanda aliyotoka nayo nyumbani? Hapo ndipo nataka uangalie sana. Mwaka juzi nilivuka na kivuko kimoja nikaiacha piki imesimama na mguu wa pembeni tu, nikapanda zangu juu kutafuta kiti, upepo ukaja, nikasikia kishindo huko chini. Piki yangu ilikuwa imelalia ya mzee mmoja muuza samaki, kioo chake kimevunjika, kasha lake la samaki limepasuka pembeni na barafu inatiririka kwenye sakafu. Yule mzee hakunigombeza. Aliniangalia tu akasema kijana, ziwa halijui kama piki ni yako au ni ya nani, wewe ndiye unajua. Nilimlipa kioo na kasha, lakini aibu ile ninayo mpaka leo.

Basi safari hii nilikwenda na kamba nne. Tulitoka asubuhi mapema mpaka Entebbe, tukashuka Nakiwogo kwenye gati ya feri, na ile feri ya MV Kalangala ilikuwa inaondoka saa nane mchana lakini sisi saa nne tulikuwa tumeshafika, na usione ni ushamba, magari yanaingia machache na mizigo ni mingi, magodoro, kreti za soda, mabati, ukichelewa unasukumwa pembeni au unabaki kabisa.

Sasa sikiliza vizuri vile tulivyofunga. Piki tuliisukuma mpaka kando, karibu na vyuma vya pembeni, nikaingiza gia ya kwanza na kufunga bomba la mafuta. Ile stendi kubwa ya katikati usiiguse, kwenye maji piki inayumba juu yake kama kiti kibovu, weka mguu wa pembeni tu. Kamba mbili za mbele zinatoka pale chini ya usukani, moja kila upande, zinashuka mpaka kwenye chuma. Hapo jirani akakaa juu ya piki akazikandamiza shoku za mbele na mwili wake wote zikazama, mimi nikavuta nikakaza, aliposhuka shoku zikapanda na kamba zikakaza zenyewe mpaka ukizigusa zinalia kama uzi wa kinubi cha adungu. Za nyuma hivyo hivyo lakini usikaze sana. Halafu kata kipande cha mpira wa tyubu, ule ule watu wa boda wanaofungia mizigo, zungusha kwenye breki ya mbele ikae imeshikwa muda wote. Chini ya kamba tia kitambaa, ile rangi yako mpya usije ukalia. Na kabla hujapanda juu, isukume piki kwa mkono: ikicheza yenyewe fungua uanze upya, ikicheza pamoja na feri nenda kakae.

Basi nilikaa. Yaani masaa matatu na nusu nilikaa na moyo wangu umetulia, hicho kitu kwenye piki hukipati, si unajua barabarani muda wote unafikiria mashimo na matreila. Katikati ya maji jirani akanivuta shati nione simu yake, ile ramani ya GPS, namba za kaskazini zinapungua, zinapungua, zikafika sifuri, halafu zikaanza kuhesabu kusini. Tumevuka Ikweta bwana! Hakuna kibao, hakuna mtu wa kupiga picha, maji tu na ndege weupe wawili. Siku ya mwisho tuliivuka tena kwa lami pale Kayabwe, kwenye ile miduara myeupe ambako watalii wanapigana picha, lakini ile ya majini ndiyo imenikaa.

Lutoboka, gati ya kisiwa cha Bugala, tulifika jua likielekea kuzama. Tulilala Bugala siku mbili, ndicho kisiwa kikubwa kati ya vile 84 vya Ssese, tukala samaki ngege wa kukaanga mpaka tukachoka. Ile barabara ya kwenda Luku, gati ya upande wa pili wa kisiwa, ni marram, vumbi jekundu, malori ya matunda ya michikichi hayakupi nafasi kwa hiyo usishindane nayo. Na nitakuambia ukweli niliona uchungu, mahali pengi palipokuwa msitu sasa ni michikichi mistari kwa mistari, watu wamepata kazi ndiyo, lakini tumbili tuliowaona walikuwa barabarani wakiokota maganda.

Luku mpaka Bukakata, ng'ambo upande wa Masaka, feri ni ya bure na haifiki hata lisaa limoja, karibu kila mtu anaacha piki yake hivi hivi. Mimi nilifunga. Masaka tukalala usiku mmoja, kesho yake tukarudi Kampala.

Jambo moja nakuomba kama ndugu. Ukifika kwenye maji ukakuta feri imeharibika au imejaa, kuna vijana watakuambia wanaweza kuipakia piki kwenye boti ya mbao. Kataa, hata kama wewe una haraka namna gani. Agosti 2023 boti ya namna hiyo ilitoka visiwa vya Kalangala na makaa na vyakula na watu juu yake, ikazama karibu na Entebbe, watu 20 wakafa. Ni bora tulale Nakiwogo kwenye mkeka. Na usiku na alfajiri ndipo radi na dhoruba za ziwa zinapenda kuja, kwa hiyo sisi ni mchana tu, na life jaketi unavaa, huikalii.

Kutoka Arua mpaka hapa ni karibu kilomita 500, uje siku mbili usijiumize, ulale njiani. Kamba ninazo za piki mbili, wewe lete koti la mvua na ile tyubu yako ya zamani tuikate. Niambie kama zile shoku za mbele umeshazibadilisha, maana kama bado zinavuja hivyo hivyo kamba haitakaza, na nina fundi hapa mtaani anaweza kuzishughulikia siku moja kabla hatujaondoka.

Ni mimi ndugu yako