Ukurasa wa saba

Newala

Mwanangu Hadija,

Salamu nyingi. Sisi wazima, baba yako magoti tu. Albamu uliyoiomba nimempa kondakta wa basi la asubuhi, nimeifunga kwa kanga yangu ya zamani na nailoni juu yake. Kanga baki nayo.

Ulitaka nizipige kwa simu nikutumie. Nimejaribu, plastiki inamulika, kila mtu ana jua usoni. Zipige wewe, ila zikiwa humo humo. Usibandue hata moja! Gundi imeshakamata. Nilibandua ya bibi yako, uso ukabaki kwenye ukurasa, mimi nimeshika karatasi nyeupe.

Za rangi zimegeuka nyekundu zote, kama vumbi la huku kwetu. Ya babu yako, ile nyeusi na nyeupe ya studio, imekaa vilevile. Vifungo vya koti unavihesabu. Mpiga picha aliwahi kunieleza kuwa zile za zamani picha inashikwa na chembe za fedha, hizi za rangi ni dawa tu, zinapauka.

Utaona pia wote tumevaa vipya, tumenawiri. Usidhani ndivyo tulivyoishi. Yule mpiga picha alikuja na baiskeli yake msimu wa korosho tu, watu wakiwa na hela. Februari, akiba imekwisha na mahindi bado mabichi shambani, nani angemwita?

Sasa fungua ukurasa wa saba. Ni mimi, chini ya mkorosho wa uani, gauni la maua, mkono kiunoni. Novemba 1989. Tumboni yumo dada yako Somoe.

Mkanda ule wa picha ulipelekwa Dar kusafishwa. Mvua zikaanza, barabara ikakatika. Daraja la Mkapa pale Rufiji tumelipata 2003. Wakati ule ilikuwa kivuko cha Ndundu, na masika magari yalikuwa hayakifikii. Picha zikarudi Juni. Somoe alizaliwa Januari, akafariki Aprili. Homa, siku tatu.

Mpiga picha akanipa bahasha huku anacheka: "Mama, mtoto yuko wapi, tumpige na yeye?" Hakuwa na habari, maskini. Nikamlipa, nikaingia ndani.

Somoe picha nyingine hana. Kabla ya kuibandika, baba yako aliandika jina nyuma, kwa wino, taratibu, na alama ya nukta mwishoni kama mtu anayesaini hati. Aliandika Somoe, hakuandika langu. Wewe hutaliona, limo ndani ya gundi, ndiyo maana nimekuandikia.

Mjukuu wangu akikuuliza huyo ni nani, mwambie wako wawili.

Mama yako