Turubai za kambi ya baridi

Habari zenu wapendwa. Wengi mmeniuliza pembeni ni turubai gani ya kuchukua kwa kulala chini yake kambini, nijibu hapa mara moja.

Mtu mmoja achukue ya mita 3 kwa 3, wawili 3 kwa 4. Ndogo zaidi ya hapo ni ya msimu wa joto. Kwenye baridi tunataka kingo zishuke hadi chini, upepo usipate pa kupita. Nailoni ni nyepesi lakini ikilowa inalegea, utaamka usiku kukaza kamba. Poliesta hailegei hivyo, mimi ndiyo ninayoipendelea. Zile za plastiki za kufunikia mizigo zinazuia maji vizuri tu, ila ni nzito, na kelele zake upepo ukivuma, mtakesha.

Kagueni pembe. Pete ya chuma iliyobanwa vibaya hung'oka. Kitanzi cha utepe kilichoshonewa juu ya kiraka hudumu. Safari iliyopita pete yangu iling'oka saa tisa usiku. Nikaviringisha kijiwe ndani ya kona ya turubai, nikafunga kamba shingoni mwake, ikashika mpaka asubuhi.

Turubai haileti joto jamani, inazuia upepo na mvua tu. Ardhi ndiyo inayowanyonya joto, kwa hiyo mkeka wa povu ni lazima. Acheni upenyo wa hewa, la sivyo mvuke wa pumzi utawadondokea. Na asiwashe mtu jiko akiwa amejifungia ndani: moshi wake una kaboni monoksidi, gesi yenye sumu inayoua, na haina harufu.

Mwenye turubai ya ziada aseme kabla ya Ijumaa.