Yai kwenye maji ya bahari

Langoni, Lamu
Jumamosi usiku

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, nipe salamu zangu kwa mama. Naandika mbio mbio kwa kuwa wasema azimio la kazi (ule mpango wa masomo ya muhula) latakiwa Jumatatu nawe wanakili kitabu ukurasa kwa ukurasa. Uwache! Kitabu si mtaala. Shika ule muundo wa mtaala wa KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, usome jedwali kwa upana: mada, mada ndogo, matokeo yanayotarajiwa, shughuli, swali dadisi (la kuwafanya watoto wafikiri). Chini ya mada ndogo pana idadi ya vipindi kwenye mabano. Sayansi na Teknolojia ni vipindi 4 kwa wiki, dakika 35 kila kimoja. Ukiona 10, hesabu wiki mbili na nusu. Kisha tazama kitenzi kwenye matokeo. "Kutaja" kipindi kimoja chatosha. "Kuchunguza" chataka viwili vilivyofuatana, maana kugawa maji tu kwala robo saa.

Sasa hilo yai lako, wataka kuwaonyesha watoto laelea kwenye maji ya chumvi. Usichote maji ya bahari ili kubana chumvi, yai litazama. Bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Yai bichi lataka zaidi ya 100. Chukua mililita 300 za maji ya kisima, utie chumvi kijiko kikubwa kimoja kimoja, ukoroge iyeyuke yote. Kwenye cha tatu hivi litapanda. Na lijaribu nyumbani kwanza: yai la siku nyingi lina hewa ndani, laelea hata kwenye maji matupu, na hapo somo limekwisha (na harufu yake usiniulize).

Lakini ya bahari weka gilasi moja kando. "Mbona bahari ina chumvi na yai limezama?" Hilo ndilo swali dadisi, si lile la kukariri. Watoto wa wavuvi watakurukia na jahazi na farumi zake (ule uzito wa kuituliza), waache wabishane.

Kwenye tathmini, vile viwango vinne, usimpe mtoto "kufikia matarajio" kwa kuwa yai lake limeelea. Tazama kama aliandika idadi ya vijiko, na kama aweza kueleza lile lililozama. Yai narudia: bichi, si la siku nyingi, kwenye maji matupu lilale ubavu ndani ya gilasi, chini kabisa.

Darasa lina watoto wangapi? Gilasi zatosha, au ukate chupa za plastiki? Mwalimu mkuu atoa pesa ya chumvi? Na mizani yangu ya springi, iko kwako au Mwanaisha kaikalia tena?

Wasalaam,
Maryam