Dawa ya thairoidi ipunguzwe kwa kipimo sio kwa kukisia

Mhariri, naomba nafasi niwasemee wagonjwa wa tezi ya shingo, yaani thairoidi, wale ambao tezi inamwaga homoni kupita kiasi mpaka moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, mtu anakonda na huku anakula vizuri tu. Wengi wanapewa kabimazoli, dawa ya kuizuia tezi isitengeneze homoni nyingi, na dawa yenyewe inafanya kazi kweli, ila ikifika kwenye kuipunguza ndo wanaachwa wajitegemee.

Mama yangu mdogo alianzishiwa miligramu 30 kwa siku, hospitali siitaji. Baada ya muda akatulia kabisa, usingizi anapata, mapigo yameshuka, lakini kila akirudi kliniki anaandikiwa zile zile 30 na hakuna anayemwambia akapime damu. Ikafika mahali anavaa sweta mchana wa Dar, mwezi wa pili ule, uso umejaa, choo kigumu, anasinzia amekaa kwenye kiti na majirani wanasema uzee huo. Kumbe dawa imeibana tezi mpaka homoni zimeshuka chini ya kawaida! Daktari mwingine ndo akampima T4, yaani homoni yenyewe ya tezi kwenye damu, akashusha dozi hadi 10, akamwambia arudi baada ya wiki sita apimwe tena, sasa hivi yuko kwenye 5 na sweta kaliacha.

Halafu kuna wanaoacha wenyewe, akijisikia vizuri tu anasema nimepona. Jamani, kama chanzo ni ugonjwa wa Graves, ule ambao kinga ya mwili yenyewe inaichochea tezi, na ndo wengi wanao, kabimazoli hutumika mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na hata ukimaliza vizuri karibu nusu ya watu unawarudia, sasa wewe unayekatiza njiani itakuwaje? Moyo ndo unaumia, hasa kwa wazee, unaanza kudunda bila mpangilio na hapo kiharusi hakiko mbali. Na ile propranololi ya kutuliza mapigo nayo haiachwi siku moja, inashushwa taratibu.

Kuna jambo linawachanganya hata baadhi ya wahudumu, TSH, homoni ya kutoka kwenye ubongo inayoiamrisha tezi na ambayo hushuka tezi ikizidisha, inaweza kubaki chini kwa miezi kadhaa wakati T4 imeshakaa sawa, kwahiyo anayesoma TSH peke yake ataona mgonjwa bado hajatulia na atamwongezea dawa wakati alitakiwa apunguziwe. Vipimo vyote viwili viangaliwe, najua bei inauma lakini bila hivyo hiyo dozi inakisiwa tu.

Na hili naomba liandikwe kwa herufi kubwa, ukiwa kwenye dawa hii homa ikapanda na koo likauma usiende duka la dawa kununua antibayotiki, simamisha kabimazoli na uende hospitali siku hiyo hiyo wapime chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, maana kwa watu wachache dawa inazishusha vibaya sana na inaweza kuua.

Ombi langu kwa madaktari, kwenye daftari la mgonjwa andikeni dozi ya leo, kipimo kinachofuata na tarehe yake, ni mstari mmoja tu. Na wewe mhariri, ukurasa wa afya mleteni daktari wa homoni aeleze hili kwa kirefu, sukari na presha tunaelezwa mara kwa mara ila hawa wa tezi sijaona mkiwaandikia.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam