Yuu moja ya babu na ya paka

Mhariri, salamu kutoka Lamu. Mtu akinambia Kiingereza ndo lugha ya adabu mie hucheka tu, maana wana "yuu" moja, yaani "wewe", ya babu ndo hiyo na ya paka ndo hiyo. Juzi tulikuwa barazani Mkunguni na kijana mgeni, Mjava wa Yogyakarta, Indonesia, akatwambia kwao hata kula kuna ngazi, na rafiki yako ni mangan, ukijitaja wewe mbele ya mkubwa ni nedha, mkubwa mwenyewe akila ni dhahar, ukikosea hapo mama mkwe akutizama mpaka biriani ikushinde (biriani nimetia mie). Sie tuna shikamoo sawa, lakini kula ni kula tu, awe kadhi awe mwizi.

Indonesia ina lugha zaidi ya 700, na vijana wao 1928 waliapa kushika moja ya kuwaunganisha, tena hawakuchukua Kijava chenye watu wengi, walichukua Kimalai, ndo Kiindonesia cha leo. Hiyo "kabar" yao ndo habari yetu, Kiarabu kilipita kote.

Sasa kijana alalamika wadogo zake ile Kijava ya heshima yawashinda, ni Kiindonesia na Kiingereza tu. Nikamkumbuka mwanangu, alichekwa shule kwa kusema "mai" (maji) na "moya" (moja) za Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, siku hizi amwomba nyanyake "wota", na nyanya wa watu yuwamuuliza, wataka nini mwanangu?

Mhariri, tupeni hata kasafu kadogo ka Kiamu Jumamosi, mie ntaandika bure.